Pazia Katikati ya Gari

Jina lake la kuzaliwa walilijua mama yake na watu wa benki. Sisi wengine wote tulimwita Usijali.

Alilipata dirishani. Alikuwa mkata tiketi wa feri, amekaa nyuma ya kioo chenye tundu la kupitisha mkono, na kazi yake kubwa, ukiacha hiyo ya tiketi, ilikuwa kutuliza watu. Feri imechelewa: usijali. Feri imejaa: usijali. Feri imeondoka na mizigo yako wewe ukiwa bado chooni: usijali, mama, mizigo haina miguu, utaikuta hukohuko. Neno hilo alilitamka kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayemfunika mtoto shuka, na abiria walirudi kwenye mabenchi yao wametulia bila kujua ni nini hasa kilichotatuliwa.

Alikuwa mrefu kupita kiasi. Hata akikaa ungedhani kasimama. Kampuni ya feri ilipoanza kuuza tiketi kwa simu, dirisha lilipigiliwa mbao, naye akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Hakukaa nyumbani kuhesabu mapaa. Alipanga chumba kimoja kati ya saluni na duka la fotokopi, akaweka meza, viti viwili, na feni iliyogeukia upande mmoja tu kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: TUNAKUTOA KWAKO, TUNAKUPELEKA KISIWANI. GARI LA PEKE YAKO NA FERI.

Na kweli kazi ilikuwepo. Kisiwa kilikuwa ng'ambo, mchanga mweupe na minazi, watu wakienda kupumzika au kuona jamaa zao. Shida haikuwa kisiwa, shida ilikuwa kulifikia gati. Mji ulikaa upande huu, gati lilikaa upande ule, na katikati palikuwa na daraja moja ambalo kila mtu alitaka kulipita kwa wakati mmoja. Usijali alikuletea gari mlangoni, akakuwekea tiketi mkononi, akakupungia mpaka feri ikawa ndogo kama kiatu.

Gari lenyewe lilikuwa moja, la viti saba. Dereva alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyejulikana kwa jina la Breki. Breki alikuwa mwangalifu sana. Alifunga breki akiona kuku, akiona kivuli cha kuku, na mara nyingine akikumbuka kuku.

Jambo moja wateja hawakulijua. Usijali mwenyewe hakuwahi kuvuka maji. Miaka yote ile dirishani aliiona bahari kupitia kioo, na kupitia kioo bahari haina neno. "Bahari?" alikuwa akiwaambia wateja waoga. "Bahari ni zulia tu, limetandikwa vibaya kidogo."

Mke wake alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa maneno machache, pengine kwa sababu mdomo wake ulikuwa na pini muda wote. Siku moja alizitoa pini, akamwambia, "Watu wakikusikia unasema usijali wanatulia. Mimi nikisikia hivyo naanza kutafuta viatu."

Siku ya mambo haya ilianza kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mstaafu, aliyewahi kuongoza shule kwa muda mrefu hata wazee wenye mvi wakimwona barabarani walikuwa bado wanachomekea mashati. Aliingia ofisini, akakipangusa kiti kwa leso, akakaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka gari la peke yangu mpaka gatini, na tiketi ya feri ya Jumamosi. Nikisema peke yangu, maana yake ni peke yangu. Siyo mimi na mama mwenye mbuzi, siyo mimi na mjomba wa dereva anayeshukia njiani."

"Usijali, Mwalimu."

"Sijamaliza. Nina mzigo. Ni kiti."

"Kiti cha kukalia?"

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliouliza kama mtihani una maswali. "Kiti cha kubembea. Cha marehemu baba. Nampelekea mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu, anafikisha miaka sitini. Na la mwisho. Nina mdogo wangu wa kike, anaoka keki kule karibu na soko. Huyo huenda naye kaalikwa. Sitaki kumwona gatini, sitaki kumwona njiani, sitaki hata kuvuta hewa aliyokwisha kuivuta yeye. Tumeelewana?"

"Usijali kabisa."

Viatu vya Mwalimu vilikuwa havijamaliza kusikika upande wa saluni alipoingia, kutoka upande wa fotokopi, mwanamke wa pili. Huyu alikuwa mfupi vilevile, lakini mnene na mchangamfu, na aliingia pamoja na harufu ya vanila. Watu wa sokoni walimwita Mama Keki.

"Baba, nimesikia wewe ndiye unayevusha watu bila presha. Nataka gari la Jumamosi, mimi na keki yangu tu. Ni ya ghorofa tatu, haitaki kubanwa na mtu. Kaka yangu wa kisiwani anatimiza miaka."

Usijali akahisi kitu kama kijiko cha barafu kikimteremka mgongoni.

"Na nikwambie ukweli," Mama Keki akaendelea, akivuta kiti karibu. "Nina dada, mwalimu mstaafu. Baba yetu nilimuuguza mimi. Nilimlisha mimi, nikamgeuza mimi, na kiti chake cha kubembea aliniambia kwa mdomo wake kitakuwa changu. Tulipotoka kuzika tu, dada akaja na mkokoteni akakichukua, eti yeye ndiye mkubwa. Tangu siku hiyo hatujasemeshana. Kama yumo kwenye feri hiyo niambie mapema, baba, nitaogelea."

Mtu mwingine angesema palepale: mama, dada yako katoka hapa sasa hivi. Lakini Usijali alikuwa na ugonjwa mmoja, hakuweza kutazama uso wenye wasiwasi bila kuukunjua. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Usijali, mama."

Jioni simu ikalia. Alikuwa kaka yao, huyo wa kisiwani. "Bwana, nasikia dada zangu wote wawili wamekuja kwako. Sikiliza mpango wangu. Wakifika hapa nitawakalisha meza moja, nifunge mlango, ufunguo nitie mfukoni, mpaka wapatane. Hotuba nimeshaiandaa. Lakini wakikutana njiani kila mmoja atageuza arudi kwake, nawajua. Wafikishe bila kuonana. Nakutegemea."

Nadhani mnajua alijibiwa nini.

Mpango wa Usijali haukuwa mbaya. Feri ya Jumamosi ilikuwa moja, lakini ilikuwa na sehemu ya juu na sehemu ya chini. Mwalimu angepanda juu, Mama Keki angebaki chini. Gari la pili angeliazima kwa rafiki yake, fundi wa redio. Kila mmoja na njia yake, kila mmoja na saa yake. Alilala usingizi mzuri.

Asubuhi ya Jumamosi, mkewe akiwa amekwenda kununua uzi, fundi wa redio akapiga simu. "Ndugu yangu, gari limekataa. Limekohoa mara moja likanyamaza. Nimelifungua, lakini hili lina vitu vingi kuliko redio."

Usijali alisimama katikati ya chumba, kikombe cha chai mkononi. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na pazia jipya, zito, rangi ya damu ya mzee, lenye vishada chini. Lilikuwa la mteja, limekunjwa vizuri likisubiri kuchukuliwa. Alilitazama. Akalitazama tena. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji," Breki alisema walipokuwa wakilifunga kwa kamba nyuma ya viti vya mbele, "hili si la mteja wa dada?"

"Tunaliazima tu. Litarudi kabla hajarudi yeye."

"Unamjua dada yangu lakini?"

"Endesha gari, Breki."

Walianza kwa Mwalimu. Kiti kilikuwa kikubwa, cha mbao nyeusi, chenye miguu iliyopinda kama ndizi. Walikifunga juu ya gari, wakakifunika turubai. Mwalimu akakaa mbele, akageuka, akaliona pazia.

"Hii ni nini?"

"Nyuma tutampitia mgonjwa," Usijali alisema. "Mgonjwa wa macho. Hatakiwi kuona mwanga wala kusemeshwa."

"Nilisema peke yangu."

"Ni peke yako, Mwalimu. Mgonjwa hahesabiwi."

Mwalimu alifungua mdomo kubisha, lakini alikuwa na moyo wa huruma ambao aliuficha kama watu wengine wanavyoficha kilema. "Maskini," akasema. "Basi dereva aende polepole."

Ombi hilo Breki alilipokea kwa furaha.

Kwa Mama Keki, Breki alirudisha gari kinyumenyume mpaka mlango wa uani, na Usijali akaingia ndani peke yake, akaongea kwa kunong'ona. Kiti cha mbele, alimwambia, kimekaliwa na mheshimiwa. Hapana, jina hawezi kulitaja. Ndiyo, mkubwa sana. Hataki kuonekana, na hapendi kelele kabisa.

"Mheshimiwa kwenye gari langu!" Mama Keki alinong'ona, akarudi ndani haraka kubadili kilemba. Alipotoka alitembea kwa ncha za vidole, keki mikononi, ghorofa juu ya ghorofa, krimu nyeupe na maua ya waridi. Akakaa nyuma ya pazia, keki mapajani, mgongo umenyooka kama anapigwa picha. Usijali alijikunja kwenye kiti cha nyuma kabisa, magoti yake yakiwa jirani na masikio.

Wakaondoka. Breki alikuwa akitokwa jasho kama mtu aliyebeba mayai kwenye umati. Kisha Mwalimu akakohoa, kikohozi kile cha kutaka darasa linyamaze.

Mama Keki alishtuka. Akageuka nyuma polepole. "Mheshimiwa gani," akanong'ona, "anakohoa kama dada yangu?"

"Vumbi, mama," Usijali alinong'ona. "Vumbi halina cheo."

Mbele, Mwalimu alisikia mnong'ono bila kuyapata maneno, akaingiwa na huruma kwa mgonjwa. Alifungua mkoba, akatoa pipi ya mnanaa, akaipenyeza pembeni ya pazia. Mama Keki aliuona mkono wa mheshimiwa ukining'inia hewani na pipi. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Halafu, kwa kuwa hakuzoea kupokea bila kutoa, akafungua kikopo alichokuja nacho kwa ajili ya njiani, akatoa kipande cha keki ndogo ya ganda la chungwa, akakipenyeza naye.

Mwalimu alikipokea, akauma. Akatafuna polepole. Akaacha kutafuna. Breki, aliyekuwa akimwangalia kwa jicho la pembeni, alisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia anaitwa na mtu asiyemwona.

"Huyu mgonjwa," Mwalimu alimwambia dereva kwa sauti ya chini kabisa, "kafundishwa kuoka na nani?"

"Mimi ni dereva tu, Mwalimu," Breki alisema, akafunga breki bila sababu.

Pengine wangefika hivyohivyo, wakipeana pipi na keki kama nchi jirani zinazobadilishana mabalozi. Lakini upepo wa darajani haukuwa kwenye mpango. Lile turubai lilipiga kofi mara mbili, likang'oka, likaruka mtoni. Ng'ambo ya daraja barabara ilipita kando ya ukuta mrefu mweupe wa ghala, na jua lilikuwa bado chini upande wa pili. Kivuli cha gari kilikuwa kinakimbia ukutani sambamba na gari lenyewe, safi kama kimechorwa. Na juu ya kivuli cha gari, kivuli cha kiti, chenye miguu ya ndizi, kikibembea.

Mama Keki alikitazama. Akafikicha macho. Kikaendelea kubembea.

"SIMAMISHA GARI!"

Kwa mtu kama Breki, hiyo haikuwa amri ya kurudiwa. Gari lilisimama. Keki haikusimama. Ghorofa ya juu iliondoka mapajani, ikapenya palipoachana pazia na mlango, ikamfikia Mwalimu kwenye kisogo.



"Mgonjwa," Mwalimu alisema bila kugeuka, krimu ikimteremka ndani ya kola, "hiyo sauti ni ya nani?"

"Mheshimiwa," Mama Keki alijibu, "hicho kiti ni cha nani?"

Pazia lilishikwa pande zote mbili na kuvutwa chini. Dada wawili wakatazamana. Kisha, kama walioambizana, wakageuka wote kumtazama mtu mrefu aliyejikunja kiti cha nyuma. Usijali alijaribu kujificha nyuma ya magoti yake.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na chenye sauti kubwa, lakini kwa kuwa walikuwa wameapa kutosemeshana, walikisema kupitia kwake.

"Mwambie huyo mama kwamba mkubwa ni mkubwa hata mdogo akioka ghorofa kumi!"

"Mwalimu, anakusikia, yupo hapo..."

"Mwambie!"

"Mama, dada yako anasema mkubwa ni mkubwa."

"Na wewe mwambie aliyemgeuza baba kitandani hakuwa mkubwa, ni mimi! Na mwambie ana ua la waridi sikioni!"

"Mwalimu, una ua sikioni."

Breki aliuliza kama kuna anayeshuka. Hakuna aliyeshuka. Kila mmoja alijua kwamba akishuka, mwenziwe atafika kwa kaka kwanza na kusimulia kwa namna yake.

Gatini walikuta feri inapiga honi ya mwisho. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda, wapagazi wameondoka. Mwalimu hakutaka kukigusa kiti mbele ya mdogo wake, Mama Keki hakutaka kukigusa kabla hajakabidhiwa rasmi, na Breki alikuwa anajaribu kufuta krimu kwenye pazia kwa karatasi, akizidi kuitandaza. Usijali akakitwika kiti kichwani, akakimbia nacho kwenye ubao wa kupandia, akakipandisha mpaka juu, akatafuta kamba, akakifunga kwenye chuma cha pembeni kwa fundo alilolifahamu yeye tu. Alipoinua kichwa aliona Breki anakuwa mdogo.

"Shemeji!" Breki alipiga kelele kutoka gatini. "Nikusubiri?"

Wenye kusafiri wanajua kwamba kutoka mlango wa bandari mpaka kwenye mwamba wa kwanza maji yametulia. Usijali alisimama ameshika chuma, akajisemea kwamba basi, kumbe ndiyo hivi tu. Baada ya mwamba feri iliinua pua, ikaishusha, ikayumba ubavu kidogo, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Rangi ya Usijali ikabadilika. Miguu yake mirefu ikaanza kukunjika kwa zamu. Bahari ilimlevya vibaya. Vilivyomtoka havisimuliki mbele ya watu wanaokula.

Dada wawili walikuwa wamekaa pande mbili za feri, kila mmoja akitazama maji yake. Walimwona kwa pamoja.

"Ataanguka," alisema Mwalimu.

"Mkalishe," alisema Mama Keki.

"Wapi? Mabenchi yamejaa."

"Si kuna kiti!"

Hawakugundua kwamba walikuwa wanasemeshana. Walimkamata huku na huku, wanawake wawili wafupi na mnara katikati, wakamfungulia kiti, wakamkalisha. Kilimpokea kama kilichongwa kwa kipimo chake, mgongo ukaegemea, nyayo zikatua sakafuni. Ila kilikuwa kiti cha kubembea, juu ya feri inayobembea, na vitu hivyo viwili havikubembea kwa mpango mmoja. Usijali alitoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Mwalimu akaukanyaga mguu mmoja wa kiti usitikisike, Mama Keki akaukanyaga wa pili. Kikatulia. Wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja na mguu wake, mgonjwa katikati yao amefumba macho.

"Kinamtosha," Mama Keki alisema baada ya kitambo.

"Ni mrefu. Baba naye alikuwa mrefu."

"Sisi tumemfuata mama." Mama Keki akakitazama kiti, kisha akaitazama miguu ya dada yake. Wazo likamjia polepole. "Wewe huwa unakikalia vipi?"

Mwalimu akatazama bahari.

"Dada. Nakuuliza."

"Sikikalii."

"Miaka yote hii?"

"Miguu haifiki chini!" Mwalimu alifoka, na abiria wa karibu wakageuka. Akashusha sauti. "Nilijaribu siku ya kwanza. Nilionekana kama mtoto aliyesahauliwa hospitalini. Nikishuka kinanifuata na kunipiga kisogoni. Huwa naweka juu yake nguo za kupiga pasi."

Mama Keki alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda, akalazimika kushika bega la Usijali asianguke. Mwalimu alikaza uso kadiri alivyoweza. Haukukazika.

"Si ungenipa tu!"

"Ningekupa wewe ukae wapi, na miguu yako hiyo? Na ningekuambia nini? Kwamba nimegombana nawe kwa sababu ya kabati?"

Kicheko cha Mama Keki kilipoisha alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mimi kiti sikukitaka hivyo," alisema. "Nilitaka uniulize. Ungesema tu, mdogo wangu, nikichukue? Ningekubebea mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni."

Mwalimu alipitisha kidole kwenye kola yake, akakipata kipande cha krimu kilichobaki, akakionja.

"Vanila imezidi," alisema.

"Hujabadilika hata kidogo."

"Ile ndogo ya ganda la chungwa ndiyo yenyewe. Ile ya mama." Kisha, kwa sauti ya mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua, "Imebaki?"

Walimaliza kikopo kizima wakiwa wamesimama, kila mmoja bado ameukanyaga mguu wake wa kiti.

Kaka yao alikuwa akisubiri kwenye gati la kisiwani, shati jeupe, hotuba mfukoni, ufunguo mkononi. Alipowaona wanashuka pamoja, mmoja akimlaumu mwingine kwa sauti kuhusu vanila, uso ulimshuka. Alikuwa ameijaribu ile hotuba mbele ya kioo wiki nzima. "Kwa hiyo nisifunge mlango?" aliuliza. Wakamwambia afunge kama anataka, lakini kwanza atafute kitanda cha huyu bwana. Nyumbani kwake, mbele ya keki iliyobaki na ghorofa mbili, walimkalisha kwenye kiti cha baba. Naye alikuwa mfupi, mfupi kuwapita wote wawili. Viatu vyake vilining'inia hewani, vikicheza kama vya mtoto kanisani, na dada zake walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Hotuba aliisoma hata hivyo. Hakuna aliyeisikiliza.

Chumba cha wageni kilikuwa kimoja, na ugomvi wa kama dirisha lifunguliwe au lifungwe uliendelea mpaka kaka mtu akajuta kuzaliwa wa mwisho.

Usijali alirudi kesho yake, amelala chali sakafuni mwa feri, kofia usoni. Alishuka akiwa mwembamba zaidi, akaenda moja kwa moja ofisini, kwa maana nyumbani aliogopa kwenda. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Breki alikuwa amemfikishia pazia siku iliyopita, na mkewe alipouliza mumewe yuko wapi, aliambiwa yuko baharini. Akatia kufuli kwenye cherehani, akaja kumngojea hapa ili amseme akiwa bado mbichi. Badala ya mume wakaja wateja, naye hakujua kuwafukuza. Wakauliza, akajibu.

"Hii feri huwa inachelewa?" alikuwa akiulizwa sasa hivi na kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake.

"Inachelewa."

"Na dereva wenu yukoje?"

"Ni kaka yangu. Anafunga breki sana. Msibebe kitu cha kumwagika."

"Bahari je?"

Mkewe akamwona Usijali mlangoni, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Muulizeni huyo. Katoka huko."

Usijali alitazama zile nyuso mbili zenye wasiwasi. Mdomo ulitaka kufanya ulivyozoea. Tumbo likauwahi.

"Kuleni kidogo asubuhi," alisema. "Kaeni chini, katikati. Na msiitazame sana."

Wale wachumba wakaandikisha safari. Mkewe alingoja watoke, kisha akazungumza na mumewe habari za pazia, na mazungumzo hayo majirani wa saluni waliyasikia vizuri, mashine zikiwa zimezimwa makusudi. Lilifuliwa mara nyingi. Mteja wake alilipokea akasema lina harufu nzuri, limetiwa nini?

Tangu wiki hiyo yule fundi wa cherehani anakaa ofisini asubuhi na kushona alasiri. Mumewe anashughulika na gari, gati na mizigo, na biashara imekua kuliko ilivyokuwa, jambo ambalo Usijali hapendi kulizungumzia.

Mwalimu na Mama Keki walirudi tena baada ya miezi michache. Safari hii waliingia pamoja, wakitaka kwenda kumwona kaka yao. Waliomba magari mawili.

"Kupatana tumepatana," Mwalimu alimweleza mke wa Usijali, "lakini anaongea sana."

"Yeye anakohoa," alisema Mama Keki.

"Gari ni moja," mke wa Usijali alisema, na pini mdomoni.

Dada wakatazamana, wakapima.

"Basi nikae mbele mimi," walisema wote wawili kwa pamoja, na ubishi uliofuata ulikuwa mrefu kiasi kwamba Usijali alitoka taratibu kwenda kuwatafutia maji ya kunywa.